Mzee Anapotelekezwa Katika Nyumba ya Uuguzi: Njia za Kisheria za Familia Nchini Marekani

Swali la nani abebe dhamana mzee anapodhurika akiwa mikononi mwa watu waliolipwa kumtunza lina majibu mengi nchini Marekani, na wingi huo wenyewe ndio unaozipotosha familia. Nchi hiyo ina takribani nyumba 15,000 za uuguzi zinazotunza watu wapatao milioni 1.2, na juu yake zimejengwa sheria za serikali kuu, sheria za majimbo 50, ofisi za ukaguzi na hukumu za mahakama ambazo watu wengi huanza kuzisikia pale mzazi anapokuwa amekwisha kuumia au kufa. Nyumba ya uuguzi, kwa maana inayotumika katika mhadhara huu, ni taasisi yenye leseni ambamo mtu asiyejiweza kwa uzee, ugonjwa au ulemavu hulazwa, hulishwa, huogeshwa, hupewa dawa na kuuguzwa usiku na mchana. Haihusu makazi ya wazee wanaohitaji msaada mdogo tu, ambayo hutawaliwa zaidi na sheria za majimbo, wala haihusu hospitali.

Suala hili linawagusa wazungumzaji wa Kiswahili kwa pande mbili. Wapo wazee waliowafuata watoto wao ughaibuni au waliofika kama wakimbizi, ambao nguvu zinapowaishia huishia katika vitanda hivyo, na wapo Wakenya, Watanzania, Wakongo na Warundi wengi ambao riziki yao ni kazi ya usaidizi wa wauguzi katika nyumba hizohizo. Jina la Mswahili, kwa hiyo, laweza kuonekana katika jalada la shauri kama jina la mtoto wa mzee aliyeumia, au kama jina la mfanyakazi aliyekuwa zamu usiku ule. Hoja ya mhadhara huu inazaliwa pale pande hizo mbili zinapokutana: utelekezaji, katika sehemu kubwa ya mashauri, ni matokeo ya uamuzi wa mwenye nyumba kuhusu idadi ya watu anaokubali kuwaajiri, na familia inayoelekeza shauri lake kwa mhudumu mmoja aliyechoka hupoteza nguvu mahali ambapo sheria yenyewe haikukusudia ziende.

Istilahi tatu zinahitaji kutenganishwa mapema. Uzembe ni kushindwa kufanya kile ambacho mtu mwangalifu wa taaluma husika angekifanya katika hali ileile. Ukatili ni kumuumiza mtu kwa makusudi, iwe kwa kipigo, kwa matusi au kwa kumfungia. Utelekezaji, kwa mujibu wa kanuni za serikali kuu ya Marekani, ni kushindwa kwa nyumba ya uuguzi, wafanyakazi wake au watoa huduma wake kumpatia mkazi vitu na huduma zinazohitajika ili asipate madhara ya mwili, maumivu au fadhaa ya akili. Katika maelezo hayo nyumba imetajwa kwanza na mfanyakazi baadaye, na mpangilio huo haukutokea kwa bahati, kwa kuwa anayepokea fedha za umma na kutia saini kwamba atatimiza masharti ni nyumba.

Fedha hizo zina historia yake. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria iliyoanzisha mipango miwili, Medicare, ambayo ni bima ya afya ya watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi, na Medicaid, ambayo huwalipia watu wa kipato kidogo na ambayo leo ndiyo hulipia gharama za wakazi walio wengi katika nyumba za uuguzi. Fedha zilipoanza kumiminika, biashara ya kutunza wazee ilikua haraka kuliko usimamizi wake, na mwaka 1986 Taasisi ya Tiba ya nchi hiyo ilitoa ripoti iliyoonyesha jinsi huduma zilivyokuwa duni na ukaguzi ulivyokuwa dhaifu. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Nyumba za Uuguzi, ambayo hadi leo ndiyo nguzo ya haki za wakazi. Sheria hiyo inaitaka kila nyumba inayopokea fedha za Medicare au Medicaid imsaidie kila mkazi kufikia na kudumisha hali bora kabisa inayowezekana ya mwili, akili na maisha ya kijamii. Inakataza kumfunga mtu kwa kamba, mikanda au dawa za kumlegeza kwa ajili ya kumwadhibu au kuwapunguzia kazi wahudumu. Inawataka wasaidizi wa wauguzi wapate mafunzo ya angalau saa 75. Na inataka mpango wa matunzo unaoandikwa kwa ajili ya kila mkazi baada ya kupimwa mahitaji yake. Mpango wa awali hutakiwa ndani ya saa 48 tangu mtu alazwe, na tathmini kamili ndani ya siku 14. Familia nyingi hazijui kwamba mkazi, pamoja na ndugu anayemchagua, ana haki ya kushiriki katika kuuandaa.

Namna sheria hii inavyofanya kazi huonekana vizuri zaidi katika kidonda cha kitandani kuliko katika mfano mwingine wowote. Mtu asiyeweza kujigeuza akilala upande mmoja kwa muda mrefu, mfupa huibana nyama dhidi ya godoro, damu hukosa kupita, na ngozi ya kiunoni, kisiginoni au matakoni huanza kuwa na wekundu usiopotea inapobonyezwa. Hiyo ni hatua ya kwanza. Katika hatua ya pili ngozi hupasuka, katika ya tatu kidonda hufika kwenye mafuta, na katika ya nne huonekana msuli au mfupa wenyewe, na hapo maambukizi yakiingia katika damu huweza kuua. Kinga yake haihitaji mashine ya gharama kubwa: ni kumgeuza mgonjwa mara kwa mara, kwa desturi kila baada ya saa mbili, kumkausha anapojisaidia, kumpa chakula chenye protini na maji ya kutosha. Inahitaji mikono ya watu. Kanuni za serikali kuu zinasema mkazi aliyeingia bila kidonda cha aina hiyo hapaswi kukipata ila pale hali yake ya kiafya inapoonyesha kwamba kisingeweza kuepukika, na kwa hiyo nyumba inayojitetea kwa kusema kwamba mzee alikuwa dhaifu italazimika kuonyesha kwa maandishi kuwa ilifanya yote yaliyotakiwa na bado kidonda kikatokea.

Hapo ndipo daftari la zamu linapokuwa shahidi. Wahudumu hutakiwa kutia alama kila wanapomgeuza mgonjwa, na si jambo la ajabu kukuta ukurasa ambao alama zake zote zimetiwa kwa mwandiko mmoja, kwa kalamu moja, kana kwamba mtu mmoja alifanya kazi hiyo kwa saa 24 bila kupumzika. Au kukuta alama iliyotiwa saa tisa usiku, wakati kumbukumbu za malipo zinaonyesha kuwa mwenye jina hilo hakuwa kazini. Tangu mwaka 2016 nyumba za uuguzi zinalazimika kupeleka serikalini taarifa za saa za kazi za wafanyakazi wao zinazotokana na orodha za mishahara, na taarifa hizo hutangazwa kwa umma, hivi kwamba familia yaweza kujua siku mzee alipoanguka au kuishiwa maji mwilini kulikuwa na saa ngapi za uuguzi zilizolipiwa katika jengo lile. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika mashauri ya aina hii ni haki ndiyo inayopotea kwa kukosa daftari. Mkazi au mwakilishi wake wa kisheria ana haki ya kuona majalada yake ndani ya saa 24 baada ya kuomba, siku za mwisho wa juma na sikukuu zikiwa hazihesabiwi, na kupata nakala kwa taarifa ya siku mbili za kazi. Nakala hizo huombwa mara tu shaka inapoingia, pamoja na picha za kidonda zenye tarehe, uzito wa mzee wa kila mwezi na majina ya wahudumu waliokuwa zamu, kwa sababu jalada lililokabidhiwa mapema ni gumu kulibadilisha baadaye.

Njia ya kwanza ya kisheria haianzii mahakamani. Kila jimbo lina ofisi ya ukaguzi inayofanya kazi kwa niaba ya serikali kuu, ambayo hutakiwa kuikagua kila nyumba bila kupitisha miezi 15 na kuchunguza malalamiko yanayoletwa na mtu yeyote, hata asiyetaka jina lake litajwe. Mkaguzi akithibitisha kasoro huiandika katika taarifa rasmi na kuipanga kwa uzito, kuanzia kosa dogo hadi hatari ya papo kwa papo kwa maisha ya wakazi, na adhabu zake ni faini, kuzuiwa malipo ya wakazi wapya na, mwisho kabisa, kuondolewa katika Medicare na Medicaid. Taarifa hiyo hailipi fidia hata dola moja, ila ni ushahidi uliokusanywa na ofisa wa serikali ambaye hana maslahi katika shauri, na mawakili wenye uzoefu huitafuta kabla ya kitu kingine. Sambamba na ofisi hiyo yupo mtetezi wa wakazi, ambaye wadhifa wake ulianza kwa majaribio mwaka 1972 na kuwa wa lazima katika kila jimbo mwaka 1978; huyu hana mamlaka ya kutoza faini, lakini anaweza kuingia ndani, kuzungumza na mzee faragha na kuibana menejimenti. Kipo pia, katika kila jimbo, kitengo cha kuchunguza udanganyifu dhidi ya Medicaid, ambacho licha ya jina lake kina mamlaka ya kushtaki makosa ya jinai ya ukatili na utelekezaji wa wakazi. Nyumba yenyewe inawajibika kuripoti tuhuma za ukatili au za madhara makubwa ya mwili ndani ya saa mbili, na tuhuma nyingine ndani ya saa 24, na ukimya wake katika muda huo ni kosa jingine linalojitegemea.

Hofu inayozizuia familia nyingi kulalamika ni kwamba mzee atafukuzwa au atalipiziwa kisasi. Hofu hiyo si ya kudharauliwa, lakini sheria imeikabili: sababu za kumwondoa mkazi zimeorodheshwa na ni chache, taarifa ya maandishi hutakiwa kutolewa siku 30 kabla katika hali ya kawaida, nakala yake hupelekwa kwa mtetezi wa wakazi, na mkazi ana haki ya kukata rufaa. Kulalamika hakumo katika orodha hiyo.

Shauri la madai, yaani shauri ambalo mtu hudai fidia dhidi ya mwingine bila kuwa mashtaka ya jinai, ndilo linalofikiriwa na watu wengi wanaposikia habari ya wakili. Msingi wake wa kawaida ni uzembe: mdai huthibitisha kwamba nyumba ilikuwa na wajibu wa matunzo, kwamba iliuvunja, kwamba uvunjaji huo ndio uliosababisha madhara, na kwamba madhara hayo yanapimika. Baadhi ya majimbo yameona kuwa msingi huo wa jumla hauwatoshi wazee na yametunga sheria maalumu. New York, tangu mwaka 1975, inampa mkazi haki ya kuishtaki nyumba iliyomnyima haki iliyowekwa na sheria au mkataba, na imeweka kiwango cha chini cha fidia kinachohesabiwa kwa sehemu ya robo ya malipo ya kila siku. Illinois ilitunga sheria yake ya nyumba za uuguzi mwaka 1979, ikimfanya mwenye leseni awajibike kwa vitendo vya watumishi wake na alipe gharama za wakili wa mkazi aliyeshinda.

California ndiyo iliyofikiri kwa kina zaidi, na hukumu yake katika shauri la Delaney dhidi ya Baker, lililoamuliwa na Mahakama ya Juu ya jimbo hilo mwaka 1999, inastahili kusomwa na kila anayeshughulika na jambo hili. Shauri lilihusu mama wa miaka 88 aliyefariki akiwa na vidonda vya hatua ya tatu na ya nne, baada ya kuachwa mara nyingi katika mkojo na kinyesi chake. Wamiliki walijitetea kwamba nyumba ya uuguzi ni mtoa huduma za afya, na kwa hiyo kosa lake, liwe kubwa vipi, linapaswa kuhesabiwa kama uzembe wa kitaaluma ambao fidia yake ina ukomo. Mahakama ilikataa. Ilisema kwamba utelekezaji unaofanywa kwa kutojali kabisa hatari iliyo wazi si kosa la kitabibu, bali ni kushindwa kumpa mtu mahitaji ya msingi ya mwili wake, na kwa hiyo sheria ya jimbo ya kulinda wazee, pamoja na gharama za wakili na fidia ya maumivu aliyoyapata marehemu kabla ya kufa, inatumika. Ukweli wa hoja hiyo hauhitaji kufichwa nyuma ya lugha ya tahadhari: kumwacha mtu katika uchafu wake kwa saa nyingi hakuhitaji daktari bingwa aje kueleza ubaya wake, na mahakama ilikuwa sahihi kukataa kuuita uzembe wa kitaaluma.

Mzee akifa, shauri hugawanyika mara mbili. La kwanza ni la marehemu mwenyewe, ambalo msimamizi wa mirathi huliendeleza kudai maumivu na gharama alizozipata akiwa hai. La pili ni la warithi, wanaodai hasara waliyoipata wao kwa kuondokewa. Mgawanyo huu si mgeni Afrika Mashariki, kwa kuwa mzizi wa haki ya warithi ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1846 kuhusu vifo vinavyosababishwa na makosa ya wengine, ambayo iliigwa Marekani na kuachwa pia katika makoloni, na leo Kenya ina sheria yake ya ajali zenye kusababisha vifo na Tanzania ina yake. Tofauti iko katika kipimo. Fidia ya warithi hutegemea sana kipato ambacho marehemu angekileta, na mzee wa miaka 85 hana mshahara wala mtu anayemtegemea, kwa hiyo hesabu ya kiuchumi humfanya aonekane kana kwamba hakuna kilichopotea. Kilichobaki ni fidia ya maumivu na utu, na hiyo ndiyo ambayo majimbo kadhaa yameiwekea dari. Texas, tangu mwaka 2003, imeweka ukomo wa dola 250,000 kwa kila taasisi katika madai ya aina hiyo, na inamtaka mdai awasilishe ripoti ya mtaalamu ndani ya siku 120 tangu mdaiwa ajibu, la sivyo shauri lifutwe. Dari kama hiyo huwakata wazee kuliko kundi jingine lolote la raia, na kwa sababu wakili katika mashauri haya hulipwa sehemu ya fidia, kwa kawaida theluthi moja hadi asilimia 40, na hutanguliza mwenyewe gharama za wataalamu, familia yenye haki kamili huweza kuzunguka ofisi baada ya ofisi bila kupata wa kulichukua shauri lake.

Ukomo wa muda nao hauna huruma. Majimbo mengi hutoa miaka miwili tangu madhara yatokee au yagundulike, lakini Kentucky na Tennessee hutoa mwaka mmoja tu, na muda huo huanza kuhesabiwa wakati familia bado iko katika matanga.

Kizuizi kinachowanasa watu wengi zaidi, hata hivyo, hutiwa saini siku ya kwanza. Katika rundo la karatasi za kumlaza mzee huwemo mara nyingi mkataba wa usuluhishi, unaosema kwamba mgogoro wowote utakaotokea hautakwenda mahakamani mbele ya jaji na baraza la raia, bali kwa msuluhishi binafsi, katika kikao cha faragha, chenye nafasi finyu ya kudai nyaraka na karibu bila rufaa. Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 1925 ilitungwa ili kuipa nguvu mikataba ya usuluhishi, ambayo wakati huo ilikuwa hasa ya wafanyabiashara, lakini Mahakama ya Juu ya Marekani imeipanua hadi kitandani kwa mgonjwa. Mwaka 2012, katika shauri lililotoka West Virginia, ilisema jimbo haliwezi kupiga marufuku mikataba hiyo kwa nyumba za uuguzi. Mwaka 2017, katika shauri la Kindred dhidi ya Clark kutoka Kentucky, ilisema jimbo haliwezi hata kudai kwamba hati ya uwakilishi, yaani hati inayompa mtu mamlaka ya kutenda kwa niaba ya mwingine, itaje wazi mamlaka ya kuacha haki ya kusikilizwa na baraza la raia. Serikali kuu ilijaribu kuipiga marufuku mikataba hiyo ya usuluhishi mwaka 2016, ikazuiwa na mahakama huko Mississippi kabla kanuni haijaanza kutumika.

Kilichopatikana mwaka 2019 ni ulinzi mdogo ambao, ukijulikana, unatosha. Nyumba haiwezi kumkatalia mtu kulazwa kwa sababu amekataa kusaini mkataba wa usuluhishi; mkataba lazima uelezwe kwa namna na kwa lugha ambayo mkazi au mwakilishi wake anaielewa; hauwezi kumzuia mtu kuzungumza na wakaguzi au mtetezi wa wakazi; na aliyesaini ana siku 30 za kuutengua. Sharti la lugha lina uzito wa pekee kwa mzee anayejua Kiswahili tu, ambaye mjukuu wa miaka 15 amesimamishwa pembeni kumtafsiria kurasa 60 katika nusu saa. Saini ya namna hiyo inaweza kupingwa, na inapaswa kupingwa. Vilevile nyumba hairuhusiwi kumlazimisha mtoto awe mdhamini wa deni la mzazi kwa fedha zake mwenyewe ili mzazi apokelewe, ingawa karatasi zenye maneno yanayokaribia hayo bado huwekwa mezani.

Kwa nyumba zinazomilikiwa na serikali za mitaa, mlango mpya ulifunguliwa tarehe 8 Juni 2023. Katika shauri la Talevski, familia ya mzee mwenye ugonjwa wa kusahau huko Indiana ilidai kwamba alipewa dawa kali za akili ili atulie, hali yake ikaporomoka, kisha nyumba ikajaribu kumhamishia kwingine bila utaratibu. Mahakama ya Juu, kwa majaji saba dhidi ya wawili, hukumu ikiandikwa na Jaji Ketanji Brown Jackson, iliamua kwamba haki ya kutofungwa kwa dawa na haki ya kupewa taarifa kabla ya kuhamishwa, zilizomo katika sheria ya 1987, zinaweza kudaiwa na mkazi mwenyewe kupitia sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1871, ambayo humruhusu mtu kushtaki mamlaka ya umma iliyomvunjia haki ya kisheria. Wadaiwa walikuwa wameiomba mahakama ifunge mlango huo kabisa, si kwa wazee peke yao bali kwa kila anayetegemea mpango unaolipiwa na serikali kuu. Nyumba nyingi za Marekani ni za watu binafsi na hazifikiwi na hukumu hii. Katika Indiana, ambako hospitali za umma zinamiliki sehemu kubwa ya nyumba hizo, uzito wake ni mkubwa.

Kwa nyumba binafsi, swali gumu ni la mwenye mali. Jengo huweza kuwa la kampuni moja, leseni ya nyingine, menejimenti ya tatu, na zote tatu zikawa za mtu mmoja ambaye nyumba humlipa kodi na ada kubwa huku yenyewe ikionekana kwenye vitabu kuwa haina kitu. Utafiti wa wachumi uliotolewa mwaka 2021 uligundua kwamba nyumba zilizonunuliwa na makampuni ya uwekezaji binafsi zilikuwa na ongezeko la takribani asilimia 10 la vifo miongoni mwa wagonjwa wa muda mfupi wa Medicare, na upungufu wa wahudumu ulitajwa miongoni mwa sababu. Wakili anayefaa ni yule atakayeishtaki kampuni mama pamoja na nyumba, na kudai nyaraka za bajeti zinazoonyesha nani aliweka kiwango cha wafanyakazi na kwa nini. Serikali nayo ina silaha yake, Sheria ya Madai ya Uongo ya mwaka 1863, ambayo huichukulia huduma duni kupindukia kuwa ni kuidai serikali malipo ya kazi isiyofanyika. Kwa njia hiyo kampuni ya Extendicare ilikubali mwaka 2014 kulipa dola milioni 38, bila kukiri kosa. Mfanyakazi anayefichua udanganyifu wa aina hiyo kwa kufungua shauri kwa niaba ya serikali hupata kati ya asilimia 15 na 30 ya fedha zinazorejeshwa, na sheria inamlinda asifukuzwe kwa kufanya hivyo.

Jambo hili la mwisho linamhusu moja kwa moja msaidizi wa muuguzi kutoka Eldoret, Moshi au Bukavu aliyeachiwa wagonjwa 20 usiku mmoja. Yeye ndiye anayejua kwamba kengele ziliita bila kuitikiwa na kwamba msimamizi aliagiza alama zitiwe daftarini kabla ya kazi kufanyika. Familia inayomwona kuwa adui humsukuma kusimama upande wa mwajiri. Inayomwona kuwa shahidi hupata ushahidi ambao hakuna karatasi inayoweza kuutoa. Mwaka 2024 serikali kuu ilitoa kanuni ya kila mkazi kupata angalau saa 3.48 za uuguzi kwa siku, na muuguzi aliyesajiliwa kuwapo saa zote 24. Aprili 2025 mahakama ya serikali kuu huko Texas iliitengua, na Julai mwaka huohuo Bunge lilizuia utekelezaji wake hadi mwaka 2034. Kuizuia kanuni hiyo kulikuwa kosa kubwa, na gharama yake italipwa na wazee na wahudumu kwa pamoja.

Hata fidia inapopatikana, si yote inayoifikia familia. Medicare na Medicaid hudai kurejeshewa gharama za matibabu zilizotokana na madhara, na mwaka 2022, katika shauri la Gallardo, Mahakama ya Juu iliruhusu jimbo kuchukua hata sehemu iliyotengwa kwa matibabu ya baadaye. Wakili aulizwe kuhusu makato hayo kabla ya makubaliano kusainiwa, na jibu liandikwe. Jumuiya za Waswahili katika miji ya Marekani, ambazo zimezoea kuchangishana kwa ajili ya kusafirisha maiti, zingefanya vyema kuongeza kazi nyingine katika orodha yao: kutafuta mkalimani mtu mzima wa kukaa na mzee siku ya kulazwa, na kuwa na namba ya mtetezi wa wakazi wa jimbo lao. Shauri la fidia huweza kuchukua miaka, na wazee wengi hawafiki mwisho wake. Malalamiko kwa ofisi ya ukaguzi hayana ada, hayahitaji wakili, na yanaweza kupelekwa leo, mzee akiwa bado hai.